Karani Haruki Bila Kuambiwa

Nyumbani,
Jumapili, 4 Mei

Babu mpendwa,

Shikamoo. Naahidi kukueleza kila kitu kuhusu Karani tangu alipoteremka kwenye gari la dawa mpaka leo, mazuri na mabaya, bila kutia chumvi. Kwenye simu nakuuliza habari za mguu, wewe unanijibu habari za mvua, kwa hiyo Mama amesema tuandikiane barua. Dereva wa gari la dawa amekubali kuzibeba, kwenda na kurudi.

Mbwa wako alifika salama. Alishuka mwenyewe, akanusa gurudumu, akaingia na kukaa kwenye kizingiti cha chumba cha kushonea kama anayeandikisha wanaoingia. Sasa naelewa kwa nini ulimpa jina hilo. Mteja anapoondoka na Mama kumuaga, Karani husimama, huzunguka akitazama kila upande, kisha hukaa tena. Nadhani na yeye anaaga.

Paka wetu hujawaona, hivyo nakutambulisha. Kiraka ni jike, mweupe, ana doa jeusi kwenye jicho moja, na anajiona ndiye mwenye nyumba. Shemeji ni dume la rangi ya majivu. Alikuja kumtembelea Kiraka, akakaribishwa chakula, hajaaga mpaka leo. Wote wawili hulala kwenye rafu ya vitambaa. Mama huwafukuza kwa mdomo tu.

Nilisoma kijitabu kwenye maktaba ya shule kinachoeleza namna ya kuwakutanisha mbwa na paka. Kinasema wasionane mara moja. Mbwa apewe chumba chake, wabadilishane matandiko wazoeane kwa harufu, kisha waonane kwa mbali, mbwa akiwa na kamba. Nilifuata yote. Karani alikaa stoo, ambayo ndiyo itakuwa chumba chako. Kiraka alilinusa gunia lake kwa muda mrefu, halafu akalilalia, nikaona ni dalili njema.

Jana niliwakutanisha. Karani alikaa vizuri ajabu, mkia umetulia, masikio mbele. Nikamwambia kwa upole kwamba anaweza kusogea akawasalimie wenzake. Babu, aliruka kama amefyatuliwa! Kamba ilinitoka mkononi. Kiraka alipanda pazia, pazia likashuka pamoja na fimbo yake, na Shemeji akapita juu ya cherehani. Hakuna aliyeumia, ila sare moja ya shule imepata nyayo za mbwa mgongoni.

Mama hakugomba. Aliliokota pazia, akalikunja, akarudi kwenye kazi. Lakini najua anachofikiri, maana na mimi nafikiri hichohicho. Ulisema ukiruhusiwa kutoka hospitali utakuja kuishi nasi, mradi Karani naye aishi nasi. Nami nataka sana uje. Stoo tumeshaipaka rangi.

Je, Karani anawachukia paka?

Mjukuu wako,
Mwalimu


Hospitali, wodi ya wanaume,
Alhamisi, 8 Mei

Mwalimu wangu,

Marahaba. Ukikuta makosa humu yapige kalamu nyekundu kama ulivyozoea. Ndiyo sababu nilikupa cheo.

Mguu unakwenda. Wamenipa chuma cha kushikilia chenye miguu minne. Ukijumlisha na yangu nina sita, kama mende, na mwendo wangu si kama wa mende. Muuguzi anasema nina kiburi. Nimemwambia hicho ndicho kilichobaki bila kuvunjika.

Karani hachukii paka. Hajui paka ni nini. Mimi nimeishi peke yangu na kitalu changu cha miche, na maneno ninayosema kutwa nzima hayajazi kijiko. Alichokijua Karani ni mbuzi wa jirani, waliokuwa wakiingia kutafuna machipukizi ya michungwa. Nilimfundisha kukaa. Mbuzi anapita mbele ya pua yake, yeye amekaa kama jiwe, anatetemeka tu, mpaka nimruhusu. Nikimruhusu, hapo ndipo anapomtimua hadi uani kwao. Hakuwahi kumng'ata hata mmoja. Jirani mwenyewe alikuwa akisema, “Mbwa wako ana nidhamu kuliko wanangu.”

Kwa hiyo barua yako sikuielewa. Karani haruki bila kuambiwa. Nani alimwambia?

Babu yako


Nyumbani,
Jumapili, 11 Mei

Babu mpendwa,

Shikamoo. Kwa heshima zote, hakuna aliyemwambia. Nilikuandikia kwamba nilimtaka awasalimie. Kusalimia siyo kukimbiza. Nilimsomea Mama barua yako, naye alicheka kwenye habari ya mende, lakini nilipofika pale ulipouliza nani alimwambia akarudi kushona, kwa sababu inaonekana kana kwamba sisi ndio wakorofi.

Wiki hii nilianza upya. Niliweka sahani ya Karani upande mmoja wa mlango wa wavu, na za paka upande wa pili. Siku ya kwanza Kiraka alikula huku amevimba kama brashi. Baadaye alikula akiwa na umbo lake la kawaida. Shemeji yeye hakujali, ila alipomaliza chakula chake aliingiza mkono chini ya wavu kuvuta cha Karani, na Karani akamtazama tu. Nilikaa kwenye kigoda nikiwatazama bila kusema neno, kwa kuwa kijitabu kinasema sauti huwatia wasiwasi. Nilifurahi mpaka nikasahau kufanya hesabu.

Jana mchana nikafungua mlango, Karani akiwa na kamba. Mama alikuwapo, na mteja mmoja alikuwa anachukua sare za watoto wake. Nilimwambia Karani akae, akakaa. Mama aliniuliza kama nimeshika kamba sawasawa, nikamjibu kwamba nimeshika. Kisha nikamruhusu Karani awasogelee paka polepole. Akaruka. Nilipomwamuru akae, alikaa. Mama akasema kwamba mbwa huyu hana adabu, naye akaruka tena, kana kwamba amekasirika kwa kusemwa. Shemeji akamchapa kofi la pua. Halafu Mama alipokuwa anamuaga mteja, Karani akaruka mara ya tatu. Kopo la vifungo lilikuwa limeshamwagika lote tangu mara ya kwanza. Mpaka leo navitoa vifungo chini ya kabati kwa rula.

Naona haya kukuandikia, lakini niliahidi kila kitu. Ninashindwa kuelewa anavyoweza kuwa mpole kwenye wavu na mkorofi nje ya wavu. Je, mbwa anaweza kuwa na nafsi mbili?

Mjukuu wako,
Mwalimu


Nyumbani,
Jumatatu, 12 Mei

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia mimi mwenyewe, na mtoto hajui. Naomba abaki hajui kwa sasa.

Baba, nimejaribu. Nguo ninazoshona si zangu, ni za watu. Nikirudisha sare yenye nyayo, mteja hatakuja tena kwangu. Mume wangu yuko safarini na lori lake, na ukichelewa mshahara wake ni hii cherehani inayotulisha. Sina pa kumweka mbwa anayeruka kila ninapofumbua mdomo.

Mwenye ghala la nafaka amemwona Karani na amempenda. Anataka mlinzi. Ghala lina uzio, na mbwa atakula vizuri, nimehakikisha. Atakuja kumchukua Jumamosi.

Usije ukasema nimekukataa. Chumba chako kiko tayari, mtoto amekichagulia rangi yeye mwenyewe, na dirisha linapata jua la asubuhi kwa ajili ya miche yako. Ninachokuomba ni uje peke yako.

Binti yako


Hospitali, wodi ya wanaume,
Alhamisi, 15 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimekuelewa. Mtoe Karani. Kazi yako ni kazi na siwezi kuiharibu nikiwa nimelala kitandani.

Mimi nitakwenda kwa shemeji yangu, kaka yake marehemu mama yako. Ana chumba cha uani. Usihangaike tena na stoo, rudisha vitambaa vyako. Jumatano gari litanipeleka huko.

Usimlaumu mtoto. Wala sikulaumu wewe. Ni vile tu kwamba mimi na yule mbwa tumezeeka pamoja, na nyumba isiyomweza yeye, mimi nitakuwa mgeni humo kila siku.

Baba yako


Nyumbani,
Alhamisi, 15 Mei

Babu mpendwa,

Shikamoo. Hujajibu barua yangu ya Jumapili. Natumaini si mguu.

Leo sina habari nyingi za kufurahisha. Jumatatu alikuja mwanamume mmoja mwenye vumbi la unga kwenye viatu. Alimfungua Karani mdomo akamtazama meno. Mama alisema ni mteja, lakini hakupimwa hata bega. Nilipouliza anashonewa nini, Mama alisema, “Kaondoe vyombo.” Na tangu siku hiyo Mama ananitazama kwa huruma, jambo ambalo silipendi.

Shuleni tunajifunza usemi halisi na usemi wa taarifa. Mwalimu wetu anasema ukitaka kugeuza usemi halisi kuwa wa taarifa, unabadilisha nafsi na wakati, na yale maneno madogo ya kuitikia na kushangaa unayaacha, kwani hayabebi habari. Zoezi la leo lilikuwa kinyume chake: tuchukue tukio la nyumbani na kuliandika kwa usemi halisi, neno kwa neno kama lilivyosemwa. Nimeandika Jumamosi yetu. Nimepata alama nzuri, ila mwalimu aliandika pembeni, “Pole kwa vifungo.” Nakunakilia hapa, kwa sababu niliahidi kutopunguza.

“Karani, kaa. Vizuri. Shemeji, usiogope, huyu mwenzetu.”

“Umeshika kamba?” Mama aliuliza.

“Nimeshika, Mama.”

“Shika kweli. Juzi pia ulisema umeshika.”

“Nimeizungusha mkononi mara mbili. Haya, Karani, wasalimie.”

Karani akaruka.

“Vifungo vyangu! Jamani, vifungo vyangu!”

“Karani, kaa! Kaa chini!”

Karani akakaa.

“Mtazame alivyokaa,” Mama alisema. “Utadhani si yeye. Hivi mbwa huyu hana haya?”

Karani akaruka tena. Shemeji akamchapa kofi.

“Fundi,” mteja alisema, “hapa mnashona sare au mnafundisha sarakasi?”

“Nisamehe, mama yangu. Zako hizi hapa, zote nimezipiga pasi. Haya, tuonane Jumatatu.”

Karani akaruka mara ya tatu.

Ndivyo ilivyokuwa. Nilipoisoma darasani wenzangu walicheka sana. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilijua ni nini kitafuata ikiwa ataendelea hivi. Tafadhali andika, hata mistari miwili.

Mjukuu wako,
Mwalimu


Hospitali,
Ijumaa, 16 Mei

Mwalimu!

USIISOME BARUA HII KWA SAUTI. Mfungie Karani stoo kwanza, halafu soma kimoyomoyo, kisha mpe mama yako naye asome kimoyomoyo.

Ni lile neno. HAYA. Hilo ndilo nililokuwa nikimwambia mbuzi akiingia. Sikumfundisha kwa makusudi, wala sikujua kama ni neno. Nilikuwa namwambia tu, kama mtu anavyosema. Uliponiuliza nikakuandikia kwamba nilikuwa namruhusu. Na wewe ukaniandikia kwamba ulimruhusu. Tumeandikiana barua zenye adabu na neno lenyewe limebaki nje mlangoni.

Karani hana kosa. Amekaa nyumbani kwenu akiamriwa kutwa, mteja akiingia, mteja akitoka. Anasimama kutafuta mbuzi, hamwoni, anakaa. Akiwepo paka, basi ndiye mbuzi.

Msilitamke mbele yake mpaka alisahau. Mkitaka kumruhusu semeni neno jingine, lolote.

Sikupiga simu, maana mngelirudia neno lenyewe kwa sauti na Karani yupo kizingitini; nimemsihi dereva alete hii leo au kesho asubuhi ingawa si zamu yake. Muuguzi amenikuta natembea kwenda getini bila kile chuma na amenigombeza kama mtoto. Nilifika.

Mwambie mama yako amwombe yule mtu wa ghala asubiri. Anajua ninachosema.

Babu


Nyumbani,
Jumapili, 18 Mei

Babu mpendwa,

Shikamoo. Barua ilifika jana asubuhi. Mimi niliisoma jikoni, Mama akaisoma kwenye cherehani. Aliisoma, akaiweka, akaendelea kushona, kisha akaona ameshona mfuko upande usio wake. Akaanza kuufumua, na wakati anafumua akanieleza habari ya mwenye ghala yote. Halafu akaitoa barua yako ya Alhamisi kwenye droo ya meza ya cherehani akanipa niisome. Nilikasirika na sikujua nimkasirikie nani, kwani kila mmoja wenu alikuwa mpole.

Tulikuwa bado tumekaa hivyo mwenye ghala alipobisha. Karani alikuwa kizingitini, kwa kuwa mimi nilikuwa nimesahau kumrudisha stoo, na Kiraka alikuwa kwenye rafu. Nakuandikia neno kwa neno.

“Hodi. Fundi, nimekuja kwa ajili ya ile habari yetu.”

“Karibu,” Mama alisema. “Kaa kidogo.”

“Sikai, nimeacha watu wanapakua. Haya, tumalize.”

Babu, usiniulize. Rafu yote ilishuka. Kiraka alimpanda mwenye ghala mpaka begani, na Karani akasimama kwa miguu miwili mbele yake akibweka. Mimi nilipiga kelele, “Kaa!” na Karani akakaa palepale, ulimi nje.

Nilidhani mwenye ghala atakimbia. Badala yake alicheka mpaka akashika ukuta.

“Huyu ndiye!” alisema. “Huyu ndiye niliyekuwa namtafuta! Anaruka na anasikia amri. Fundi, nampeleka sasa hivi. Na sare za watoto wangu wote sita, nakuletea wewe ushone.”

Mama alikuwa amepiga magoti anakusanya vitambaa. Sare sita, Babu. Nilimtazama, naye hakunitazama.

“Haendi,” Mama alisema.

“Tulikubaliana.”

“Tulikubaliana, ni kweli, na nimekukosea. Lakini si mbwa wangu. Ni wa baba yangu, na baba yangu anakuja.”

“Hilo lilikuwa la kusema mapema.”

“Lilikuwa la kusema mapema,” Mama alisema. “Nimelisema sasa.”

Alimtoa Kiraka begani mwa mwenye ghala, akampangusa manyoya kwenye koti, akamsindikiza mpaka nje. Aliporudi aliibana midomo yake kwa vidole viwili, maana alikuwa karibu sana kulitamka.

Mchana tulijaribu. Niliposema, “Twende, Karani,” alisogea mwenyewe, pua chini, kamba imelegea. Shemeji alikuwa analala juu ya sare ambazo hazijapigwa pasi. Karani akamnusa kuanzia mkiani mpaka masikioni. Shemeji akafungua jicho moja, akalifunga. Basi. Hakuna kingine kilichotokea, na hicho ndicho nilichokuwa nakisubiri tangu Karani alipofika.

Sitaki ufikiri kwamba kila kitu kimekaa sawa. Kiraka bado hashuki kwenye rafu Karani akiwa chumbani, na leo asubuhi alimtemea. Na lile neno halizuiliki. Nilibandika karatasi mlangoni, WATEJA WASISEME HAYA, na mteja wa kwanza alisimama akaisoma kwa sauti. Mama sasa anaaga watu kwa kusema, “Vema sana,” wao wanamtazama kama amehamia dini nyingine.

Stoo hatujarudisha vitambaa. Kitanda kimeingia, na Mama amekigeuza mara tatu ili ukiamka usipate shida ya kushusha mguu. Hakuandikii mwenyewe. Nilimpa kalamu akasema ana kazi. Lakini amekuwa akija kuchungulia ninachoandika, na nilipofika hapa alisema, “Mwambie dirisha nimelifuta.” Kisha akasema, “Usimwambie kwamba nimesema.” Niliahidi kila kitu, kwa hiyo nimekwambia.

Dereva yuko hapa mlangoni, hajazima gari. Anasema Jumatano ndiye atakayekutoa hospitali, na karatasi yake bado imeandikwa akupeleke kwa shemeji yako. Anataka ajue kabla ya siku hiyo kama aifute. Nimwambie nini?

Mjukuu wako,
Mwalimu